Sare ya Mwaka wa Saba

Kumbukumbu ya onyesho ni mali ya bendi. Ukitoka ukumbini wanakuvisha kofia ya kuifyonza kumbukumbu hiyo, nayo inabaki hapo. Ukiingia mwakani wanakurudishia kumbukumbu zako zote mpaka muziki uishe. Mkwaju Jazz nimewaona mara kumi na moja. Najua kwa sababu kila mwaka sisi mashabiki hushona sare, na zangu zimetundikwa kabatini.

Ya mwaka wa saba imechanika begani. Mume wangu, Seif, aliyesikia kwa walinzi wa mlangoni, ndiye aliyenieleza: dada yangu Hadiya alianguka akicheza, akakata roho mapajani mwangu huku ameng'ang'ania nguo yangu. Mlangoni walinivisha kofia vilevile. Nilifika nyumbani nikakuta turubai linafungwa, nikauliza msiba wa nani.

Leo napiga pasi sare mpya.

"Na mwaka huu utakwenda?" Seif akauliza.

"Nitakwenda."

"Sijui unafuata nini. Wimbo hata mmoja huujui."

"Nikirudi huwa nikoje?"

"Macho huwa yamevimba."

"Basi huwa namwona Hadiya," nilisema, nikageuza upande wa pili wa nguo.