Nyuma ya Sambaza

Tangu arudi sokoni, mama yake Fabiola alikuwa na uvumi uliomganda kichwani: eti kijana mmoja amekamatwa kwenye bariere, kile kizuizi cha wenye bunduki barabarani, kwa sababu ya kupiga picha tu.

Fabiola yeye alikuwa anachekea telefone. Kwenye kundi lao la wapenda picha walikuwa wanabishana, na mwenye kamera ya bei kali, waliyemwita Papa Kamera, alidai kwamba telefone ni ya kuita watu tu, si ya picha. Fabiola akamjibu kwa picha ya sambaza, vile visamaki vya ziwani, walizoanika mbele ya nyumba.

"Ona, maman! Hata macho ya samaki inaonekana. Papa Kamera ananyamaza sasa!"

Akaikuza kwa vidole. Nyuma ya samaki, barabarani, akatokea mwanamume mwenye bunduki. Hata kovu la shavuni lilionekana. Alikuwa anaitazama moja kwa moja telefone iliyompiga picha.

"Futa, mutoto wangu! Futa sasa hivi!"

"Nimeshafuta, maman. Lakini benzangu bameshaituma kila fasi, hata kwa makundi ingine."

Ujumbe ukaingia kwenye kundi, kutoka namba wasiyoijua: "Picha nzuri. Ni avenue gani, mtaa gani hapo?"

"Ni kwao Fabiola, Ibanda, nyuma ya parokia," mwenzake mmoja akajibu, akaweka na alama ya moyo mwekundu.

Wazazi, waambieni watoto. Wasipige picha upande wa bariere. Wasitume picha kabla ya kuangalia nyuma yake. Wasitaje avenue wanayokaa. Wasiingize kwenye kundi mtu wasiyemjua. Na mlango ukigongwa, wasikimbilie kufungua.