Fulana Yenye Mpira Mgongoni

Fulana ilinuka jasho, na mtafiti akatabasamu. Aliibonyeza mgongoni: mpira mgumu, ukubwa wa limau, bado umeshonewa mfukoni mwake. Kumbe ilikuwa inavaliwa kweli.

"Unanusa nguo ya mume wa mtu asubuhi asubuhi, binti?" alicheka Mzee Ngurumo, fundi wa kuchomelea vyuma aliyebatizwa jina hilo na majirani wa pande zote mbili za ukuta. "Mama watoto, njoo ushuhudie!"

Mkewe hakucheka. Alikuwa anamimina chai. Ilishajaa kikombe, ikajaa kisahani, na sasa ilikuwa inatambaa mezani.

"Mama watoto! Chai!"

"Nimeiona," mama akasema, akalitua birika.

Mtafiti alitazama saa: mbili na nusu. Saa tatu kamili kamati ya bima ingechagua tiba moja kwa wote wanaokatika pumzi usingizini wakilala chali: mashine ya barakoa, mkanda unaotetemeka mtu akigeuka, au fulana hii, ambayo mpira wake humsumbua mgonjwa mpaka arudi ubavuni. Bei ya mashine moja ilitosha fulana mia mbili. Wagonjwa elfu mbili walikuwa kwenye foleni, na si wote wangeufikia mwisho wake.

Tatizo lilikuwa huyu mzee. Wenzake waliojaribishiwa fulana walipata nafuu ya kubangaiza. Yeye alikuwa akikatika pumzi mara arobaini kwa saa. Sasa mara mbili tu. Bila yeye, fulana ilishindwa na mkanda. Pamoja naye, ilizishinda tiba zote. Kamati ingesema takwimu zimepikwa.

"Na kile kifaa cha kuhesabu pumzi usiku, unakivaa mwenyewe, mzee? Hujampa mtu?"

"Nimpe nani, paka? Mwanangu, mwezi wa pili huu nalala kama mtoto aliyeshiba. Juzi nimechomelea geti zima bila kusinzia. Zamani ningejichomelea humo humo!"

Usoni hapakuwa na hata chembe ya uongo. Mtafiti akatia sahihi ripoti yake ya kuipendekeza fulana.

"Hiyo kamati yako ya saa tatu, kwa miguu huiwahi," mzee akasema. "Panda gari la mikate na huyu. Njia yenu moja."

Mama, dereva wa kiwanda cha mikate, akachukua funguo. Punde walikuwa barabarani, mtafiti kiti cha mbele, faili mapajani, harufu ya mikate moto nyuma yao. Mbele, barabara ilianza kuteremka kuelekea njia panda.

"Hongera, mama. Fulana imewaokoa."

"Fulana?" Mama aliguna. "Yule ukimlaza juu ya kokoto, atazikoromea. Huo mpira anaulalia wala hausikii. Ni mimi namsukuma. Akigeuka chali, namrudisha. Akigeuka tena, namrudisha tena."

"Usiku kucha?"

"Nikilala mimi, anakufa yeye."

Faili likawa zito ghafla. Mtafiti akalifungua, akaikodolea macho sahihi yake. Kwenye jedwali kulikuwa na safu ya bei ya mashine, ya mkanda, ya mpira, hata ya uzi. Safu ya mama haikuwepo.

"Na wewe, mama," akauliza polepole, "unalala saa ngapi?"

Gari lilizidi kushika kasi mteremkoni.

Kisha, kutoka upande wa usukani, ukaja mkoromo.