Ukigeuka, Umejitoa

Kanuni yetu ya kuchagua mwenyekiti wa kamati ya shule haina huruma: wagombea tunatazama ubao, wazazi wanajipanga nyuma yetu. Ukigeuka, umejitoa.

"Wamelingana," akatangaza mwalimu mkuu. "Amebaki mama mmoja."

Nikauchekea ubao. Aliyebaki ni mke wangu. Nilizisikia kandambili zake, ya kushoto nimeifunga waya mwenyewe.

Asubuhi alikuwa ameniuliza habari ya choo cha wasichana kilichobomoka.

"Kitangoja," nilimjibu. "Kwanza geti, wageni walione."

Pa, kwaru. Pa, kwaru. Zikasimama nyuma yangu. Jasho likanitiririka mgongoni.

Pa, kwaru.

Fundi seremala, mpinzani wangu, akajikohoza. "Karibu, shemeji."