Chupa ya Zamzam

Shangazi Tufaha aliinamisha chupa ya kaure, akamdondoshea Babu maji ya zamzam midomoni. Katika ukoo wao, kila aliyekuwa akikata roho alinyweshwa kwa chupa hiyo.

“Zuwena, wewe unafanya kazi makumbusho. Hebu tuambie, Wajapani waliitengeneza ya nini hii?”

Zuwena alikuwa ameitambua tangu alipoingia: ilikuwa ya kuwamiminia wageni pombe ya mchele. Msomaji wa Yasini akasita, akasubiri jibu.

“Sema basi, mwanangu.”

Babu, ambaye ndiye aliyeileta enzi zake za ubaharia, akafumbua macho, akamtazama mjukuu wake. Polepole akainua mkono, akaweka kidole juu ya midomo iliyolowa.