Sheria Iliyopita Saa ya Mazishi

Jumamosi jioni Victorine alipita nyuma ya nyumba ya Edouard, viatu mkononi, ili majirani wasisikie. Chini ya kitenge alificha chupa ya mawese. Alimukuta mzee kwenye kibaraza cha jikoni, anapiga pasi shemisi nyeupe kwa pasi ya makala, polepole, kola kwanza.

"Mama Adalbert," Edouard akasema, kama vile alimungojea. "Viatu vinakuuma?"

Victorine hakucheka. Aliweka chupa chini na akatoa haraka maneno aliyokuja nayo: kesho Jumapili asifike kwenye komite ya kura. Apande gari la moshi, aende Sakania kusalimia wenzake wa zamani wa reli, arudi wakati mambo ya kura yamekwisha.

Edouard akageuza shemisi upande wa pili. Alikuwa mgeni, mtu wa Kasai, amezeeka katika reli, na maisha yake yote aliambiwa tu: panda, shuka, pakia, ngoja. Sasa, mwaka huu wa 1957, Wazungu walikuwa wanaleta kura ya kwanza pale Élisabethville, mji wa Katanga, watu weusi wachague wenyewe wakubwa wa komine, yaani mitaa yao. Mzee alitaka jambo moja kabla ya kufa: aulizwe, hata mara moja.

"Mi nitaenda," alisema. "Haiko juu ya kugombana na mutoto wako. Nataka kuweka karatasi yangu mu ile sanduku, basi."

"Weye unajua Adalbert alizaliwa namna gani, na mwaka gani. Ulikuwa pale Sakania. Kama banakuuliza?"

Edouard akainua macho. "Mama, tangu lini nilisema?"

Akamurudishia chupa yake. Victorine akaondoka nayo, uso unamuwaka.

Adalbert alikuwa mtoto wake mmoja tu, na alikuwa kandida, anaomba kuchaguliwa. Wazungu walitaka mwanaume wa miaka makumi mbili na tano, lakini sura ya Adalbert ilikuwa bado changa, na katika cité, kule wanakokaa watu weusi, watu walianza kunong'ona kwamba miaka yake haitoshi. Hotuba zake zote zilianza namna moja: "Miye mutoto ya Liévin, muntu wa Kongolo." Liévin, mume wa Victorine na mtu wa Katanga kabisa, alikufa katika kazi ya shaba wakati Adalbert angali anasoma katekisimu, na kwa jina lile watu wa Katanga walimupenda mwanawe wakamuweka kuwa mukubwa wa komite.

Komite ile ilipaswa kusema nani anajulikana katika kartiye, mtaa wake, na anaweza kupiga kura. Ilikuwa imegawanyika katikati. Watu wa Katanga walikaa upande huu, watu wa Kasai upande ule, na kila mara upande mmoja ukileta sheria, mwingine uliiangusha. Kisha siku moja, akimupakulia mwanawe bukari, Victorine akasema kwamba watu wote wa Kasai watakuwa makaburini Jumamosi mchana, wanazika mwenzao. Yalikuwa maneno ya mezani tu. Adalbert aliacha sahani yake ikiwa nusu.

Mkutano uliitwa saa ileile ya mazishi. Mlango uliachwa wazi, kama kanuni inavyotaka, na mabenchi ya upande mmoja yalikuwa matupu. Mikono ikainuliwa, sheria ikapita: mtu aliyetoka nje ya Katanga hatapiga kura mpaka aonyeshe mtoto aliyezaa hapa na mwanamke wa hapa, na mwanamke yule asimame mwenyewe, aseme mbele ya wote. Wakati watu wa Kasai walifika, udongo wa kaburi ungali kwenye viatu, na kuanza kulalamika, Adalbert aliwaambia loi, sheria ile, imekwisha kupita, na akawauliza walikuwa wapi.

Victorine alisikia aibu, akaimeza. Mutoto alikuwa anapanda. Mama gani atamushika mutoto wake muguu?

Kesho yake, Jumapili, baada ya misa, chumba cha masomo cha misioni, mahali pa komite, kilijaa. Adalbert alikaa mezani, krayon nyekundu mkononi, akiita majina. Wanawake walikaa kwenye benchi la ukutani, na Victorine katikati yao, kwa sababu mwanawe alitaka mama yake amuone. Mmoja baada ya mwingine, watu wa Kasai walifutwa. Wake zao walitoka Kasai, kama wao, hawakuwa wanawake wa hapa.

Edouard alipoitwa alikuja mbele na shemisi yake nyeupe.

"Papa Edouard, uko na mutoto hapa Katanga?"

"Hata wa bahati mbaya, papa!" mtu mmoja akasema kule nyuma, na chumba kikacheka. Adalbert pia alicheka, kisha akagonga meza na krayon. Hakuwa na chuki na yule mzee.

"Sema tu, papa. Kama eko, mama yake asimame, na weye utapiga kura."

Edouard akaanza kuangalia benchi la wanawake, sura moja moja. Victorine alishika ukingo wa benchi. Magoti yalikwisha kuanza kujinyoosha yenyewe. Macho ya mzee yakamufikia. Yakapita juu yake kama juu ya nafasi tupu, yakaenda mpaka mwisho wa benchi.

"Hapana," Edouard akasema. "Siko naye."

"Hata moja? Miaka yote ile?"

"Hata moja."

"Basi pole, papa," Adalbert akasema. "Muntu bila mutoto, nani atamujua?"

Wakacheka tena. Edouard akavaa kofia, akasalimia watu, akatoka.

Victorine alikuwa bado amekaa. Kupitia dirisha alimuona akivuka barabara bila kugeuka, na mutoto wao, pale mezani, akachonga krayon na kuita jina lenye kufuata.