TSH Imepanda

Nilipoona kwenye majibu ya damu kwamba TSH, namba ya tezi yangu ya shingo, imepanda kutoka tisa hadi ishirini na mbili, nilimpigia mke wangu Kokuberwa nikiwa bado kwenye benchi la zahanati.

"Tezi imeamka! Chinja jogoo."

Foleni ilikuwa ndefu. Jua lilikuwa la utosi nilipoitwa kwa daktari, binti wa umri wa mwanangu.

"Shikamoo, baba. Hii namba siyo ya tezi. Ni ubongo unavyoifokea tezi ifanye kazi. Tezi ikilala, ubongo unazidi kupaza sauti."

"Kwa hiyo sijafaulu?"

"Umefeli, baba. Kidonge cha tezi unamezaje?"

"Na chai ya maziwa na chapati mbili. Dawa haimezwi tumbo tupu."

"Hiki kinamezwa tumbo tupu, kwa maji. Chai isubiri saa nzima."

Nikajishika shingo. Simu ikaita, nikapokea, na sauti ya Kokuberwa ikajaa chumba kizima.

"Jogoo yuko jikoni! Jumuiya yote imeshakaa sebuleni, inasubiri ushuhuda wako."

Nikaifunika simu kwa kiganja.

"Daktari, nikimeza kimoja sasa hivi kwa maji, nikifika nyumbani Tabata hiyo namba itakuwa imeshuka?"