Mpaka Mchezo Uishe

"Nani amekalia kiti leo?" Mama Aoko aliuliza, picha ya televisheni haijatulia bado.

Awuor aliinua macho kutoka kwenye beseni la samaki. Kiti cha Mzee Wakhisi, tajiri wa magendo ya kahawa, kilikuwa kimekaliwa na mke mdogo, Lornah, miguu juu ya meza. Mzee alikuwa hoi kitandani. Kifungua mimba wake alikuwa akizungukazunguka sebuleni na bastola mfukoni. Awuor akamweleza mama mkwe wake yote hayo, kisha akarudi kwenye samaki wake.

Mwenye macho haambiwi tazama. Asiye nayo huambiwa mpaka koo la msimulizi likauke, na Mama Aoko alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Kila Alhamisi jioni, katika chumba chao cha Kondele, Awuor ndiye aliyekuwa macho yake. Alisimulia ugomvi wa ile familia ya majambazi huku akikatakata mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta iliyokwisha kuondolewa minofu, ambayo angeikaanga na kuiuza kesho. Na betri ya gari iliyowasha televisheni, nani aliyeibeba kwenda kuichaji? Yeye huyo huyo. Alikuwa amechoka, jamani. Alikuwa amechoka hata kusema kwamba amechoka.

"Na yule wa mlangoni?" mama mkwe aliuliza. "Bado yuko?"

"Yuko, Mama. Ni askari tu wa kulinda. Ndevu na miwani nyeusi. Hana kazi, ni kusema 'ndiyo bosi' peke yake."

"Ongeza sauti."

Awuor akaongeza.

Kwao pia palikuwa na ugomvi wa nani atawale. Miaka sita nyuma, mumewe Absalom alikwenda ziwani kuvua. Mtumbwi ulirudi, umepinduka, yeye hakurudi. Wakangoja mwili mpaka wakachoka kungoja. Ndipo wazee wa Kisian walipofanya inavyotakiwa kwa mtu aliyemezwa na maji: walizika tunda la yago, lile refu la mti wa mwegea, mahali pa mwili wake, wakalia, wakanyoa nywele. Toka siku hiyo Awuor akawa mjane, na shemeji yake Dalmas akawa na wimbo mmoja tu, kumrithi. Angemrithi yeye, na chumba, na jiko, na mahali pake pa kuuzia.

Awuor hakumtaka. Dalmas alikuwa mtu wa amri, na mke aliyekuwa naye tayari alitembea akitazama chini. Lakini mwanamke mmoja atashindana na ukoo mzima hadi lini?

Wazee walikuwa wameamua kwamba neno la mwisho litoke kwa Mama Aoko, kwa kuwa ndiye aliyewazaa Absalom na Dalmas. Naye, tangu mchezo huu uanze baada ya Pasaka, alikuwa na jibu lile lile: mpaka mchezo uishe. Watu walicheka. Walisema bibi kizee amerudi utotoni, ya nyumbani kwake yamemshinda, sasa anasuluhisha ya majambazi wa Nairobi. Awuor alidhani mama mkwe anamkingia kifua tu, akamshukuru kimoyomoyo, ingawa alijua hakuna mchezo usio na mwisho.

Mwisho ulikuwa leo. Dalmas aliingia bila kubisha hodi, akavuta kigoda, akakaa akiipa televisheni mgongo. Alisema wazee wanakutana Jumapili, na kwamba safari hii hatarudi na mikono mitupu. Mama yake akamwambia anyamaze kidogo, anataka kusikia.

Kwenye televisheni mambo yalikuwa yamechafuka. Mzee Wakhisi alikuwa amekata roho, na kabla hajafunikwa shuka, kifungua mimba akamtolea Lornah bastola. Yule mlinzi akajitia katikati. Risasi ikalia.

"Amepigwa, Mama," Awuor alisema, kisu kikiendelea na kazi. "Yule wa mlangoni."

Na kama kawaida ya michezo, mtu ambaye hakuwahi kupewa zaidi ya maneno mawili alipata mengi ya kusema alipokuwa anakufa. Alisema ameitumikia nyumba ile kama mbwa. Alisema ametenda mabaya mengi. Akaomba mama yake aambiwe asimngojee tena.

Mama Aoko alishuka kitandani. Alikwenda akipapasa mpaka kwenye televisheni, akaweka kiganja juu ya kioo na sikio kwenye spika, akabaki hivyo hadi muziki wa mwisho ulipoanza. Kisha akaketi sakafuni, akalia mpaka mabega yakatikisika.

Awuor aliona aibu kwa niaba yake, halafu akaingiwa na hofu. Dalmas alikuwa anatabasamu. Jumapili wazee wangeambiwa kwamba mama analilia watu wa televisheni, na neno la mama wa namna hiyo lina uzito gani? Kinga ya mwisho ya Awuor ndiyo hiyo, sakafuni, inafuta kamasi kwa leso. Aliweka kisu chini. Basi, alijiambia, na iwe. Angalau atapumzika kubishana.

Dalmas aliinama, akamshika mama yake bega. Sauti yake ilikuwa ya upole, upole wa mtu aliyekwisha kushinda.

"Mama, wacha kulia. Huu ni mchezo tu. Huyo mtu hajakufa."

"Najua hajakufa, Dalmas," Mama Aoko alisema. "Sauti yake naijua. Huyo ni ndugu yako."